Vifungo kwenye Nyaya za Simu

Mke wangu ana kazi ya ajabu: akiifanya vizuri, hakuna anayejua kwamba yupo. Anasimamia mtandao na simu za kampuni inayouza dawa kwa jumla, ofisi kuu pamoja na matawi yake yote. Mtandao ukienda, hakuna wa kumshukuru. Ukikatika tu, "Mama Nyaya yuko wapi?" Ndivyo wanavyomwita, na hata mimi mumewe, fundi cherehani, nikiwa na hasira naye humwita hivyo. Yaani mara nyingi.

Chumba chake cha kazi ni cha baridi, feni za mashine zinavuma mchana kutwa. Nyaya zinazotoka humo anazitia alama kwa mabaki ya vitambaa anayoyaokota sakafuni kwangu. Karatasi hubanduka, anasema, lakini kitambaa kikishonwa kimeshonwa. Kila waya wa simu una ncha mbili: yenye kitambaa cha njano inaingia kwenye simu, yenye cheupe inaingia ukutani.

"Hata wewe usingekosea," aliwahi kuniambia. Nikaendelea kushona, maana ananijua.

Mapokezi anakaa mama mmoja ambaye ofisi nzima inamwita Shangazi. Mke wangu alianzia hapo mapokezi, na ndiye huyo aliyemfundisha kumtuliza mteja mwenye hasira. Alipoona binti anapenda kuchungulia ndani ya mashine kuliko kuongea na watu, akamsukuma akasome. Sasa Shangazi amebakiza kidogo astaafu, na wajukuu wanamtegemea.

Asubuhi moja kila kitu kikasimama. Simu kimya, ghala haioni oda, matawi yanampigia meneja kwenye simu yake ya mkononi. Meneja huyo ni mgeni, na hasira zake ziko mbele kama kifua cha jogoo. Akatangaza koridoni kwamba aliyegusa kitu ataondoka leo leo.

Mke wangu akakimbilia chumbani kwake. Swichi ni kile kisanduku ambamo nyaya zote hukutana, na taa zake zilikuwa zinawaka na kuzima kwa fujo, zote pamoja. Akajua kuna waya uliochomekwa ncha zote mbili kwenye mtandao uleule. Hapo ujumbe unatoka na kurudi, kila ukirudi umeongezeka, kama umbeya, mpaka neno la maana linakosa pa kupita. Akawa anachomoa waya mmoja mmoja. Alipochomoa zinazokwenda mapokezi, taa zikatulia.

Akaenda kupiga magoti chini ya meza ya Shangazi. Waya wa simu ulikuwa umejikunja, ncha zote mbili ziko ukutani.

"Shangazi, umegusa hapa?"

"Nilisogeza meza nifute vumbi, ukachomoka. Nikaurudisha kama ulivyonifundisha, mwanangu. Nyeupe ukutani. Niliona zote nyeupe, basi nikaziingiza zote."

Mke wangu akachomoa ncha ya njano, akamwekea mkononi. "Hiki kitambaa kina rangi gani?"

Shangazi akakisogeza mpaka karibu na pua. "Si nyeupe?"

Mke wangu akaichukua ncha ile, akaichomeka kwenye simu, na Shangazi akaelewa.

"Usimwambie," akasema, na sauti ile inayotuliza wateja ikamkatika. "Akijua sioni vizuri, leo ndiyo mwisho wangu hapa."

Meneja akatokea. "Nani amefanya hivi?"

"Kosa ni langu, bosi. Alama zangu hazionekani kwenye giza la chini ya meza. Halafu swichi ina kinga ya kuzuia jambo kama hili, na upande wa mapokezi sikuiwasha."

Yote mawili yalikuwa kweli, ndiyo maana aliyasema bila kupepesa macho. Akapewa onyo la maandishi.

Aliponisimulia nyumbani nilipandwa na hasira. "Mzigo wa mwenzio unaubebea nini?"

"Macho ni yake. Alama ni zangu. Hebu nipe vifungo."

"Vifungo vya nini?"

"Kimoja ncha ya simu, viwili ncha ya ukutani. Mtu ajue kwa kidole."

"Mimi ni fundi wa nguo, mama, si wa mtandao."

Akanitazama tu. Nikakumbuka nani alimsukuma akasome, nikaona aibu. Nilishona huku nikinung'unika, lakini kila kifungo nilikivuta kwa meno kuhakikisha hakitoki.

Shangazi akapelekwa na mke wangu kwa daktari. Kumbe ni mtoto wa jicho, na akafanyiwa upasuaji. Aliporudi kazini alikwenda mwenyewe kwa meneja.

"Ile siku ni mimi," akamwambia. "Nilikuwa sioni, nikaogopa kusema. Onyo la mwanangu nipe mimi."

 Meneja akamwambia arudi mapokezi, simu zinaita. Lile onyo hatukulisikia tena.

Juzi mke wangu akapita kwangu kazini, akataka vifungo vingine.

"Si umesema Shangazi anaona sasa?"

"Si vya Shangazi. Meneja aliniita, akafunga mlango, akaniuliza polepole kama naweza kumwekea na yeye, kwenye waya wa simu yake."

Nikamshonea vikubwa, vya koti.