Patience Alipoacha Kusema

Akiror wa kijiji cha Mella alikuwa akipalilia karanga alipomwona binti yake akija shambani akiyumba kama mlevi. Patience alikuwa na miaka sita. Kwa majuma mengi alikuwa akiamka analia kichwa kinamuuma, anatapika hata kabla ya kuonja uji. Kwenye zahanati walimpa dawa ya malaria, kisha ya minyoo. Mama mkwe alisema mtoto karogwa, akaita watu wa kanisa wamwombee.

Patience alipoanza kuona kila kitu mara mbili, Akiror alimbeba mgongoni akampeleka hospitali ya Tororo. Tabibu alimtembeza juu ya mstari wa sakafu, akammulika machoni kwa muda mrefu, akaacha kutabasamu. Wakatumwa Kampala. Huko picha ya kichwa ilionyesha uvimbe kisogoni, umeziba njia ya maji ya ubongo. Ilikuwa saratani.

Madaktari walimpasua, wakatoa walichoweza. Patience alizinduka, lakini hakusema neno. Alimtazama mamake, machozi yakimtoka, mdomo kaufumba. Waliambiwa huwa hivyo kwa watoto wengine, na kwamba sauti hurudi. Akiror akakaa kitandani pake akimsimulia kwa Kiteso habari za nyumbani: mbuzi aliyezaa mapacha, shangazi aliyegombana na jirani. Ikwap, baba mtoto, alikuja mara moja. Kile kimya kikamshinda, akarudi Mella.

Muda ulipita. Siku moja, akinyweshwa uji, Patience akasema, "Moto."

Akiror alitoka nje akalia.

Ikafuata tiba ya mionzi, kichwa kikibanwa kwa kinyago asisogee. Nywele zikanyonyoka. Akajifunza upya kutembea kwa kushika ukuta, wakarudi nyumbani. Mwaka uliofuata miguu ililegea. Saratani ilikuwa imeshuka hadi uti wa mgongo.

"Mama Patience," daktari alisema, "kumponya hatuwezi tena. Maumivu tutayatuliza."

"Sauti itapotea tena?"

"Inawezekana, mama."

"Basi nakwenda naye nyumbani, angali anasema."

Walipewa morfini ya maji. Safari hii Ikwap hakukimbia. Ndiye aliyempa mtoto dawa, usiku na mchana. Patience aliongea sana siku zile. Alimuuliza babake kama anaogopa, naye Ikwap akakubali kwamba anaogopa.

Alifariki Jumapili mchana, mapajani mwa babake, majirani wakiwa bado kanisani. Akiror alimfumba macho, kisha akaenda kuwaita.