Wadudu Gani?

Siku yangu ya kwanza kazini, Bugendana, huku kwetu Burundi, nilikabidhiwa buti za mpira zilizonizidi miguu na bomba la kunyunyizia dawa, lile la kubeba mgongoni. Bwana agronomu wa komine, yaani mtaalamu wa kilimo wa tarafa, aliyekuwa mkuu wetu, alinitazama kuanzia mtandio hadi buti, akatikisa kichwa. Mimi ni binti wa fundi cherehani wa Gitega mjini. Kwetu, shamba lilikuwa kitu cha kupita ukienda kumtembelea mtu.

"We Mama, utaweza hii milima?"

"Nitaweza, Bwana Mkuu."

"Bon. Kazi haiko nguvu. Adui yetu iko moja: wadudu. Ukiona mdudu, piga dawa. Basi, c'est tout."

Ndivyo nilivyokuwa moniteri. Nyinyi mnaoanza kazi hii leo, mnaopiga picha jani kwa simu na kusubiri jibu, pengine hamjui moniteri alikuwa nani. Alikuwa mtu wa chini kabisa katika ngazi ya kilimo. Mkuu alitoa maagizo akiwa ofisini, moniteri akayafikisha kwa miguu kwenye migomba na maharage, kisha akarudi na lawama za wakulima peke yake.

Maneno mawili yalitawala kazi yetu: dawa na wadudu. Fikirini jinsi yalivyo. Kwa Kiswahili, na kwa Kirundi pia, kile anachonyweshwa mtoto mwenye homa na ile sumu tuliyonyunyizia mashambani ni neno moja. Wadudu nao hivyohivyo: kiwavi ni mdudu, nyuki ni mdudu, na hata kile kinachomletea mtu kuhara, daktari anakiita wadudu. Kwa hiyo mkulima akisikia dawa ya wadudu, anaona mgonjwa anatibiwa. Nani atamnyima mgonjwa dawa? Watu walinikimbilia njiani wakiniomba niwaongeze kidogo, na mwenye dawa kali zaidi ndiye aliyesifiwa.

Bugendana nilikaa hadi buti zikanizoea. Kisha nikahamishiwa Buraza, na huko nikapata mkuu wa kituo ambaye bado namwombea dua. Alikuwa mama mfupi, mwenye tabia ya kuinama na kushika magoti kabla hajasema lolote. Wakulima wa pale walilima kabichi za kuuza sokoni. Kabichi ziliingiwa na vidukari, yale madoa hai madogo yanayokaa chini ya jani na kunyonya utomvu wake. Tulipiga dawa, vikafa, tukasifiwa. Baada ya muda mfupi vikarudi, vingi kuliko mwanzo. Nikaenda kutoa ripoti.

"Mkuu, wadudu wamerudi."

"Wadudu gani?"

"Ni wadudu tu, Mkuu."

"Oya, hapana, Mama. Wadudu tu haiko jibu. Mi nikikwambia watu wamejaa kwako nyumbani, hautauliza ni watu gani?"

Akanipeleka kwenye shamba ambalo halikupigwa dawa, akainama, akashika magoti, akageuza jani. Palikuwa na vidukari vichache, na katikati yao mdudu mwekundu mwenye madoa meusi, mviringo, msafi. Pembeni yake kulikuwa na kiumbe cha kijivu chenye miguu sita na sura mbaya.

"Huyu mubaya iko mtoto ya huyu muzuri," alisema. "Mama na mtoto, chakula yao ni hivi vidukari. Dawa yenu imeua wote. Sasa kidukari anazaa mbio, mwenye kumula anazaa polepole. Nani atafika wa kwanza?"

Ofisini waliita jambo hilo mfumo wa ikolojia, na vijana waliotoka shule walilitamka kwa kukaza shingo. Yule mama alisema ni jina refu la kitu tunachokijua: nani anamla nani, nani anamlisha nani, na nani anakaa kwa nani. Ukimwondoa mmoja, uliza kwanza alikuwa akimfanyia kazi nani. Tangu siku hiyo swali lake likawa langu. Kwenye mikutano nikawa kero, maana kila aliyesimama kusema wadudu, nilinyoosha mkono. Walinitania wakaniita Mama Wadudu Gani. Sikukasirika hata kidogo.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Gasorwe, mkoani Muyinga, na hapo nilikutana na Neema. Alikuwa mjane, amekulia Kigoma, akarudi Burundi na watoto wake baada ya mumewe kufariki. Shemeji yake, Zakaria, ambaye hakuwahi kuondoka kilimani, yaani kijijini kwao, alimkatia kipande cha ardhi ya ukoo. Kila mtu alitegemea atapanda muhogo. Yeye akapanda maracuja, yale matunda ya pasheni, akayasimamishia nguzo na nyaya, na kilima kizima kikawa na la kusema.

Nilipoitwa mara ya kwanza, mimea ilikuwa imejaa maua. Neema hakuwa na furaha.

"Mama Moniteri, msimu uliopita yalichanua hivihivi, yakadondoka yote. Sikupata tunda. Shemeji amesema msimu huu yakidondoka tena anang'oa, anapanda muhogo, na shamba linarudi mikononi mwake. Mimi na watoto tutakwenda wapi? Kigoma nimeshaaga."

Nilipeleka habari kwa agronomu wa mkoa. Alikuwa mtu mwema, mwenye vilima vingi na pikipiki moja, na alinijibu kwa simu: "Iko wadudu, Mama. Mupige dawa." Nilirudi kwa Neema nikageuza majani na kupasua maua. Mimea ilikuwa na afya kuliko mimi. Sikuona mdudu hata mmoja, mbaya wala mzuri, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

Neema alinikaribisha uji barazani. Ile nyumba ilikuwa fahari yake, nyumba ya kwanza aliyowahi kuiita yake, na boriti zake za kalitusi alizifuta vumbi kama mwingine anavyofuta kabati. Nikiwa nakunywa, nikainua macho. Boriti zilikuwa na matundu ya mviringo, kila moja la kuingia kidole, yote yamezibwa kwa pamba. Harufu niliitambua mara moja.

"Hapo umeweka nini?"

"Dawa! Kulikuwa na wadudu wanatoboa nyumba yangu. Nimewamaliza wote."

"Wadudu gani?"

"Wale nyuki wakubwa, weusi, wanaonguruma."

Niliweka kikombe chini. Nilimhurumia mno, maana wale aliowaua ili kulinda nyumba ndio waliokuwa wakikosekana shambani.

Nilimchumia ua nikamwonyesha. Ua la maracuja lina vifuko vitano vya chavua, ule unga wa kiume, vinavyoning'inia vikiangalia chini. Juu yake kuna vichwa vitatu vya kike, ambavyo visipopata chavua, tunda halipo. Chavua hiyo ni nzito, upepo hauibebi. Nyuki mdogo wa asali anapita chini kwa chini akanywa utamu wake bila kugusa kitu. Lakini yule mweusi ni mnene. Akiingia kunywa, mgongo wake unasugua vifuko, na akienda ua la pili anakipaka kichwa cha kike. Kazi hiyo inaitwa kuchavusha. Mtoto wake naye hulelewa ndani ya mti mkavu, na mti mkavu uliokuwa karibu ulikuwa boriti za Neema.

Neema alitazama boriti, akatazama shamba, akalia kidogo. Kisha akauliza la kufanya, na hilo ndilo nililompendea.

Msimu haukuweza kungoja nyuki. Tukachukua unyoya wa kuku, na kila asubuhi, kabla maua hayajajifunga, Neema akapita akifanya kazi ya nyuki: gusa chini, paka juu, ua linalofuata. Watu walisimama njiani wakamcheka. Wengine walidhani ni uchawi wa Kigoma.

Zakaria alikuja na panga lake siku aliyoahidi. Mimi nilikuwepo, na sitaficha, nilikuwa nimekwenda kwa makusudi. Alipita chini ya nyaya polepole, akishika matunda mabichi yaliyoning'inia kila upande.

"Nani amefanya hii?"

"Mimi, Shemeji. Kwa unyoya."

"Kila ua?"

"Kila ua."

"Yoo! Na mwaka ujao?"

Nilimjibu mimi. "Mwaka ujao unyoya utaushika wewe. Au utupe lile gogo kavu unalotaka kuchoma makaa, tuwajengee nyuki nyumba yao."

"Mi nifuge wadudu? Mi, Zakaria?"

Aliondoka akisonya. Kesho yake gogo lilikuwa limelazwa kwenye ukingo wa shamba, na hakuna aliyetaka kusema limefikaje.

Nyuki hawakurudi upesi. Msimu mzima Neema aliendelea na unyoya wake. Walipoanza kutoboa lile gogo, alinipigia simu akaweka kipaza sauti ili nisikie ngurumo. Nilikuwa ofisini katikati ya mkutano, nikasikiliza mpaka mwisho.

Sasa nimestaafu, nimerudi Gitega, na buti nimemwachia moniteri mwingine, zitamzidi naye. Vijana huniuliza katika miaka yote hiyo nilifundisha nini. Mbegu nyingi nilizogawa zimeshapitwa, na dawa kadhaa nilizonyunyizia zimekatazwa. Nilifundisha swali moja, na hata hilo nilipewa na mtu.

Siku ya kuniaga, Gasorwe, walikusanyika kwa Neema, chini ya zile boriti. Zakaria alisimama kusema kwa niaba ya kilima. Alikohoa, akakunja kofia mkononi.

"Tunashukuru huyu Mama. Miaka yote ametupigania na wadudu."

Neema, akiwa anamimina juisi, hakugeuka hata.

"Wadudu gani, Shemeji?"

Watu wakaangua kicheko. Zakaria akatazama kule kwenye gogo, ambako nyuki mweusi mmoja alikuwa akirudi nyumbani na mgongo wake wa manjano kwa chavua.

"Wale wengine," alisema. "Haiko hawa wetu."