Waliolala Chini Pale Matutani

Mwantum Saidy hakai akaipa barabara mgongo. Mtu akimuuliza, husema anakwepa moshi wa karai, na kwa kuwa mwanamke anayekaanga samaki kutwa nzima ana haki ya kuchagua moshi upite wapi, hakuna anayeuliza mara ya pili. Meza yake ipo Kibiti, ukingoni mwa barabara kuu, pale penye matuta. Nyuma yake ni ukuta wa duka la mbolea, mbele yake ni lami inayoshuka Lindi na Mtwara. Kinachotoka Dar anakiona, kinachotoka kusini anakiona. Huu mwaka wa nane anakaa hivyo.

Kwao ni Mbuchi, huko deltani, na kamba anaowauza bado humjia kwa mikono ya ndugu zake kupitia Nyamisati. Kwa kukaanga ana mkono mzuri, na ulimi anao vilevile. Ukimwambia samaki wake ni wadogo, atakuuliza kama wewe ulizaliwa na ndevu. Wateja wanampenda kwa hilo, na madereva wa malori wamemzoea kiasi kwamba wakipita bila kusimama hupiga honi ya kuomba radhi.

Magari yale ya kelele yalianza kupita kama miaka miwili iliyopita. Siku za sikukuu na mwisho wa wiki, vijana wenye nafasi zao hutoka Dar na magari yaliyokaa chini chini, mengine ya rangi ambayo hata pipi ingeionea haya, wakaenda Kilwa kula upepo, kisha wakarudi. Unayasikia kabla hujayaona. Mlio wake hauishii masikioni, unateremka hadi kifuani, na vikombe vya chai kwenye vibanda hutetemeka. Lakini Kibiti kuna matuta, na kwenye matuta hakuna tajiri. Gari lililokaa chini namna ile halipandi tuta likinyooka, litakwaruza tumbo. Sharti likatwe mshazari, tairi moja moja, polepole, kama bwana harusi mwenye kanzu mpya anavyovuka dimbwi.

Hapo ndipo vijana wa Kibiti wanapoyanasia. Wanasimama kumi, kumi na tano, simu mkononi, wanapiga picha rimu, taa, mpaka kiti cha dereva. Gari likimaliza tuta la mwisho, wanainua mikono na kuzungusha vifundo kama watu wanaokamua nguo, huku wakipiga kelele, "Pasua! Pasua!" Dereva mwenye roho nzuri atakanyaga mafuta na kuachia, ekzosi ipasuke pa! pa-pa! na ulimi wa moto utoke kule nyuma. Hapo shangwe lake si la nchi hii.

Kinara wao ni Mudathiri, mtoto pekee wa Mwantum, yupo kidato cha pili. Wenzake wanatazama magari, yeye anayasikiliza. Gari likiwa bado halijaonekana, atafumba macho na kusema hilo ni la silinda nane, hilo limebadilishwa ekzosi, hilo mwenyewe hajui kubadili gia, na likitokea huwa ni vilevile alivyosema. Wenzake wanamwita Fundi Sikio.

Mwantum anayavumilia kwa mpango. Akisikia mngurumo kwa mbali, anaweka kijiko chini, anasogea nyuma ya meza na kuushika ukingo wake kwa mikono miwili. Anahesabu matuta, la kwanza, la pili, la tatu, na la mwisho likipita anakaza meno. Ikishapasuka anachukua kijiko na kugeuza samaki. Akiwa amejiandaa, anaweza. Watu wanadhani anachungulia gari.

Utasema, si amkataze mtoto? Angemkataza zamani. Ila Mudathiri si mtoto wa kukatazwa bila sababu, atauliza kwa nini, na hiyo kwa nini ndiyo kitu Mwantum alichokificha miaka yote minane.

Pale Kibiti watu wazima wana neno lao. Wanasema "kipindi kile," halafu wanauliza habari za mvua. Kipindi kile watu wasiojulikana walikuwa wakiwafuata viongozi wa vijiji, mmoja leo, mwingine wiki ijayo, na mwanamke ambaye mumewe alikuwa na cheo chochote, hata cha kugawa mbegu, alikuwa akimtazama mumewe anavyokula kana kwamba anamkariri. Haidari, mume wa Mwantum, alikuwa mwenyekiti wa kitongoji kule bondeni, mlima mpunga, mtu wa kucheka ovyo. Jioni moja alikuwa ndiyo kwanza ametoka kuswali magharibi. Pikipiki ikasimama uani. Wakamwita kwa jina, tena kwa adabu, na yeye akatoka kama mtu yeyote anayeitwa kwake anavyotoka.

Mwantum alikuwa jikoni na Mudathiri, wakati ule mtoto wa miaka sita. Hajui mwili wake ulijuaje. Alimtupa mtoto chini, akamlalia kwa juu, akamziba masikio kwa viganja vyake viwili. Alikaa hivyo hadi pikipiki ilipopotelea mbali. Kisha akampitisha mtoto mlango wa nyuma, akavuka naye shamba la mihogo mpaka kwa wifi yake, na Mudathiri hakuona chochote. Kesho yake akamwambia baba ameanguka kwa presha.

Ukoo mzima ukaupokea uongo huo bila kuitwa kikao. Presha. Wifi akasema presha, majirani wakasema presha, na walipohamia Kibiti mjini, waliojua wakanyamaza. Mwantum hajifichii kwamba alipoteza vingi jioni ile. Lakini kila anapomwona mwanawe akicheka matutani hujiambia kwamba kitu kimoja alikiokoa. Mtoto hakusikia. Hilo ndilo linalomwamsha asubuhi na kumpa nguvu ya kuwasha moto.

Sasa ikawa Idi pili mwaka huu, saa tisa alasiri. Barabara imejaa watu wa sikukuu, vijana wamevaa, karai limechemka. Mteja mbele ya meza alikuwa Petronila, nesi wa zahanati, mtu wa Sumbawanga, ana miaka miwili tu Kibiti. Pembeni yake Mshamu wa bodaboda, kofia ngumu kichwani, akibishana kuhusu ukubwa wa kipande.

Gari la njano lilikuja kimya. Trafiki walikuwa wamelisimamisha kule juu, na dereva, akiwa bado na hofu ya faini, aliliachia lijiburure tu. Mwantum alikuwa ameinama akipanga kuni. Hakusikia mngurumo, hakuweka kijiko, hakuhesabu tuta hata moja. Na dereva, alipoona umati ule wote wa Idi unamkamulia nguo, alisahau trafiki na hakungoja tuta la mwisho. Alipasua palepale, mbele ya meza.

Mwantum alijikuta tumboni juu ya mchanga, uso umeelekea ukuta. Shavu lake lilikuwa karibu na mguu wa mtu, na mtu huyo naye alikuwa amelala. Aligeuza jicho. Mshamu alikuwa chini, kofia imemziba macho. Bibi wa machungwa alikuwa chini, machungwa yanabingirika kwenda barabarani. Mwenye duka la mbolea alikuwa amelala kizingitini mwake na shati la Idi. Kinyozi alilala huku ameshika mashine, na mteja wake kalala kando yake, nusu kichwa kimenyolewa. Watu wazima wa Kibiti, upande huu wa barabara na upande ule, wote walikuwa chini, na hakuna aliyepiga kelele. Waliosimama ni vijana na simu zao, dereva kwenye gari lake la njano, na nesi Petronila, sahani ya kamba mkononi, akitazama huku na huku kama mtu aliyeingia msikitini katikati ya sijda.

"Vipi tena?" dereva aliuliza dirishani. Akaondoa gari taratibu.

Kuamka kulikuwa kugumu kuliko kulala. Watu walijikung'uta bila kutazamana. Mshamu alisema alikuwa anatafuta ufunguo. Kinyozi alisema waya ulimtega. Bibi wa machungwa alikaa mchangani akalia waziwazi, na machungwa yake yakaokotwa na watoto. Mwantum alitaka kutania kidogo ili watu wacheke, ulimi ukakataa. Ndipo alipoona mkono wake. Alipoanguka aligonga karai, mafuta yakammwagikia kuanzia kiwiko hadi kwenye kifundo, na mpaka wakati huo hakuwa amesikia maumivu.

Petronila alimpeleka zahanati, akamsafisha, akamfunga.

"Dada Mwantum, mlikuwa mnaogopa nini? Mbona wote kwa mara moja?"

"Kipindi kile, nesi."

"Kipindi gani?"

Mwantum alitazama bendeji. "Mvua mwaka huu zitachelewa," alisema.

Petronila hakuwa mjinga, akaacha. Lakini simu yake ilikuwa inalia lia kwa jumbe, na alipoifungua uso wake ulibadilika. Alisita, kisha akamwonyesha. Mmoja wa vijana alikuwa ameshairusha. Gari la njano, mpasuko, na watu wazima wakianguka kwa pamoja kama waliofundishwa. Juu kumeandikwa, "Kibiti wanaogopa ekzosi." Maelfu wameshacheka. Chini yake kulikuwa na maoni, na Petronila alimsomea kwa sauti ndogo. Mmoja aliandika kwamba msiwacheke, hao waliona mambo. Wa pili akaandika: "Huyo mama wa samaki namjua. Mumewe alipigwa risasi uani kwake, mtoto akiwa ndani."

Mwantum alisimama. Hakuaga. Alitembea kwenda nyumbani kwa haraka ambayo hakuwahi kutembea tangu lile shamba la mihogo, mkono unawaka, na kichwani ana jambo moja tu: Mudathiri asisome kabla yake. Kama ni lazima ajue, na ajue kwa mdomo wa mama yake, si kwa mdomo wa mtu wa mtandaoni ambaye hata jina lake ni la uongo. Njiani alipanga maneno. Yalikuwa mabaya yote.

Mudathiri alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, simu ameifunika chini. Aliinuka alipoona bendeji.

"Pole, mama. Nimekutafuta matutani."

"Kaa, baba. Mimi si mgonjwa." Naye akakaa kando yake. "Umesoma?"

"Nimesoma."

Basi amechelewa. Hata hivyo alisema, maana alikuwa amekuja kulisema. "Baba yako hakufa kwa presha."

"Najua."

"Umejua leo, kwenye simu."

"Hapana, mama. Nimejua siku ileile. Nilikuwepo."

Mwantum alimtazama mwanawe, masharubu yanaanza, macho ya Haidari yaleyale. Alihisi hasira, kama mtu aliyeibiwa kitu alichokiweka chini ya mto. "Nilikuziba masikio!"

"Uliniziba. Lakini mikono yako ilikuwa inatetemeka. Ikikaza, sisikii. Ikilegea, nasikia."

Kutoka msikitini adhana ya magharibi ilianza. Hawakuinuka. Mwantum alilia, na kwa mara ya kwanza hakugeuza uso ukutani kwa ajili ya mtoto.

"Kwa nini hukuniambia miaka yote hii?"

"Wewe ulisema presha. Nikaona ukilisema hilo neno, unapata kupumua. Nikakuachia."

"Na yale magari? Mimi nakufa pale kila siku, wewe unawaambia wapasue. Unawezaje, Mudi?"

Alifikiri. Alijibu polepole, kama anavyojibu wenzake gari likiwa mbali. "Mlio nisioujua unakotoka, huo ndio unaonitisha. Hata mlango wa jirani. Pale matutani naona. Ile ni ekzosi, ule ni moto, yule ni dereva anacheka. Nilianza kuyasikiliza magari ili nijue kila mlio ni wa nini. Kuyapenda kulikuja baadaye. Leo sikulala chini kwa sababu nilikuwa naliona."

Mama yake alimshika mkono kwa ule wake mzima. Alitamani kumwomba msamaha na hakujua wa lipi, la kumdanganya au la kumlegezea viganja.

"Mama, kuna kitu kimoja tu nataka kukuuliza. Hakuna mwingine wa kumuuliza."

"Uliza, baba."

"Mimi nilisikia mbili. Kila wakipasua pale nahesabu, na kila siku najiuliza. Zilikuwa ngapi?"

Polisi waliwahi kumuuliza swali hilo akasema hakumbuki. Wifi yake aliuliza, akasema hakumbuki. Mwantum alifungua mkono wake mzima, akautazama ulivyokuwa unatetemeka.

"Nne," alisema. "Mbili nilikuzibia."