Nyongeza ya Pensheni na Koti la Lindo

Mwaka niliorudi kutoka masomo ya juu Uingereza, masomo niliyoyaacha katikati kwa kuwa akili yangu ilikataa kupumzika, babu yangu alikuwa mlinzi wa usiku katika shamba la kahawa la mlowezi, juu kidogo ya mji wa Arusha. Nguvu zake za ujana zilikwisha katika reli ya serikali, akitandika mataruma. Pensheni haikumtosha, na kikohozi alichokipata katika umande wa lindo kilinitisha kuliko hali yangu mwenyewe.

Ndipo ikatangazwa nyongeza ya pensheni kwa wastaafu wa reli waliotimiza miaka sitini. Kwa babu maana yake ilikuwa moja: angeweza kuacha lindo.

Lakini nani aliujua umri wake? Tulikwenda stesheni pamoja na mwenzake wa rika, aliyetahiriwa naye siku moja na kuajiriwa naye siku moja. Karani, kijana kutoka Tanga aliyefunga tai, alikuwa na njia yake ya kukadiria miaka, nami nilisogea karibu ili nione inavyofanya kazi.

"Shikamooni, wazee. Wajerumani walipojenga boma hapa mjini, mlikuwa mnafanya nini?"

"Marahaba. Tulikuwa tunachunga mbuzi," babu akajibu.

"Wote wawili?"

"Wote."

Mwenzake akacheka hata akaegemea ukuta. "Mbuzi gani, wewe? Mimi nilikuwa mgongoni mwa mama, sijaota hata jino!"

Uso wa babu ukabadilika. Nilidhani ameona haya kwa kunaswa akidanganya; nikalipima wazo hilo, nikaona halifanani naye. Kwetu, waliotahiriwa pamoja hawana mkubwa wala mdogo. Kumtaja mkubwa mbele ya mgeni ni kuligawa rika, na rika lilikuwa limegawanywa hapo, juu ya meza ya karani.

Karani akamwandika babu, akamwacha mwenzake, akasogeza kidau cha wino.

"Dole gumba, mzee."

"Siweki. Tuandike wote, au nifute na mimi."

"Mzee, mimi siwezi kumwongezea mtu miaka."

Nikaingilia kati. Nilieleza kwamba umri wa mwili na umri wa rika ni vipimo viwili tofauti, na kwamba serikali inauliza kimoja tu. Babu alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesubiri mvua ipungue.

Mwenzake akamgeukia. "Tangu lini umeninyima kitu?"

"Sijakunyima."

Hilo nalo ni la rika: mwenzako akikuomba, hukatai.

"Basi naomba hicho kidole."

Akakishika mwenyewe, akakichovya winoni, akakibonyeza kwenye karatasi.

Mwezi ule babu aliacha lindo. Mlowezi akahitaji mlinzi mwingine, na aliyepewa nafasi alikuwa yule mwenzake. Babu akampa koti lake zito, nami nikaamini kwamba jambo limekwisha vizuri.

Kisha nikaanza kumwona, kila jua lilipozama, akichukua blanketi na fimbo.

"Babu, unakwenda wapi? Si umeacha kazi?"

"Kazi nimeacha, mjukuu wangu. Nakwenda kukaa na mtu."

"Na kikohozi je?"

"Naye ameanza," akasema, akifungua mlango. "Tutakohoa wote."