Siku Elspa Alipong'oa Mazulia

Ghala la samaki wa chumvi lilipobaki tupu pale bandarini, Elspa akalinunua, na kijiji kizima kikamcheka. Alikuwa fundi wa redio za meli, mwanamke wa miaka arobaini na sita, mabega mapana na maneno machache.

"Sasa utahifadhi nini humo?" walimwuliza.

"Kimya," akawajibu.

Na kweli alikihifadhi. Kwa miaka saba alishindilia sufu katikati ya kuta, ile sufu chafu ambayo wafugaji wa kondoo wa kisiwa cha Suðuroy huichoma moto, akatandika mazulia mazito ya hoteli moja iliyofungwa, moja juu ya jingine, akaweka milango miwili miwili. Upepo unaong'oa mapaa ukawa haupenyi. Ukikaa humo ndani unasikia moyo wako unavyodunda. Zikaja kwaya za kanisa kurekodi nyimbo, wakaja vijana na magitaa yao, na Elspa akawapokea wote peke yake: ndiye fundi, ndiye mpika kahawa, ndiye mfagizi.

Jumanne moja ya mwezi wa Machi akaingia Mzee Dánjal, aliyekuwa na miaka themanini na mitatu na aliyevua samaki chombo kimoja na marehemu Heini, baba yake Elspa. Hata salamu hakutoa.

"Binti Heini, umemsikia Tummas redioni?"

"Nimemsikia, mzee."

"Kameza beti tatu! Mtu mzima, nchi nzima inamsikiliza, anameza beti kama vidonge!"

Tummas alikuwa mwimbaji wa kijiji cha ng'ambo ya mlima. Yeye na Dánjal walikuwa wakigombania utenzi mmoja tangu ujana wao, utenzi wa beti mia na arobaini juu ya mfalme aliyemficha binti yake kisiwani, ambao watu huucheza kwa duara wakiitikia. Hakuna aliyewahi kuuandika. Ulikuwa vichwani mwao tu, na kila mmoja aliapa kwamba mwenzake anaukosea.

"Nataka uuchukue wote," alisema Dánjal. "Kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama alivyouimba babu."

Elspa akamsimamisha mbele ya maikrofoni, akamvika hedifoni, akaingia chumba cha mitambo. Mzee akaanza vizuri, sauti nzito, mguu ukipiga chini. Alipofika ubeti wa kumi na moja akanyamaza. Akatazama miguu yake.

"Vipi, mzee?"

"Mguu wangu hausemi kitu. Nakanyaga kama nimekanyaga uji. Halafu naimba, nani ananiitikia?"

Kesho yake Elspa akajirekodi mwenyewe akiimba kiitikio, akamwekea masikioni. Mzee akasikiliza kidogo, akavua hedifoni.

"Huyo mama anatangaza msiba?"

"Ni mimi huyo, mzee."

"Basi pole, mwanangu."

Alhamisi Elspa akatoka kwenye mitambo, akamshika mzee mkono, wakazunguka maikrofoni wawili hao, hatua mbili kushoto, moja kulia, kama watu wanavyocheza utenzi siku zote. Walifika ubeti wa ishirini na nne. Waya ukamzonga mzee kifundoni, maikrofoni ikaanguka, naye akakalia zulia, puu. Elspa akaogopa amevunjika nyonga. Kumbe mzee anacheka mpaka machozi.

"Duara la watu wawili! Hata kuku wangetushangaa."

Jioni hiyo Elspa alikaa na kikombe cha kahawa akiyatazama mazulia yake. Alijua dawa ni nini, ila haikutaka kushuka kooni. Utenzi ule ulitaka mbao tupu, viatu na watu. Ulitaka kelele, na yeye alikuwa ametumia miaka saba kuifukuza kelele. Akapiga moyo konde, akachukua koleo, akaanza kung'oa misumari ya mazulia.

Jumamosi mchana, kwa mwaliko wa Elspa, watu walimiminika. Wasichana wa kiwanda cha samaki walikuja na buti zao, mchungaji wa kanisa akaja na wanawe, na Billa, mke wa Dánjal, akaleta chapati tamu na jamu ya mabua machachu ya rubabi za kulisha meli nzima. Elspa alitundika maikrofoni nne darini, wasije wakazikanyaga. Ndipo mlango ukafunguliwa, akaingia Tummas, amevaa sweta yake ya sikukuu.

Watu wakampisha njia.

"Umefuata nini?" Dánjal akamwuliza.

"Nimekuja kuhesabu makosa."

"Kaa pale ukutani uhesabu. Vidole vikikuishia, Billa atakuazima vyake."

Duara likaundwa, mkono kwa mkono, mpaka likajikunja mara mbili kwa wingi wa watu. Dánjal akaanza. Mbao zikaitikia. Sauti ilipanda kutoka sakafuni, ikapita magotini, ikatokea vifuani, na Elspa, akiwa nyuma ya kioo, aliona sindano za mitambo zikirukaruka kama mbuzi. Akazipunguza nguvu huku mguu wake mwenyewe ukipiga.

Ubeti wa tisini na mbili Dánjal akakwama. Kinywa wazi, neno hakuna. Miguu iliendelea, hatua mbili, hatua moja, watu wakitazamana. Elspa alishika kitufe, hajui azime au aache.

Kutoka ukutani Tummas akaudaka ubeti. Hakusogea kutoka alipokuwa, aliimba tu, macho kafumba. Dánjal akamsikiliza, kisha akamwachia mkono mchungaji, akaunyoosha kwa Tummas bila kusema neno. Tummas akaingia duarani. Kuanzia hapo waliimba kwa zamu, huyu akimaliza yule anaanza, na ikajulikana kwamba zile beti tatu Tummas hakuzimeza. Kwao hazikuwepo kabisa. Naye alikuwa na mbili ambazo Dánjal hajawahi kuzisikia maishani.

"Hizo umezitoa wapi?" Dánjal alimwuliza walipokaa kunywa kahawa.

"Kwa mama yangu. Za kwako je?"

"Kwa babu."

"Basi wote wawili hawakuwa waongo."

"Mama yako simwiti mwongo," alisema Dánjal. "Wewe bado nafikiria."

Wakacheka, Billa akawaongezea jamu.

Elspa alikaa wiki nzima akizisawazisha sauti zile. Mbao mbili zilikuwa zimepasuka, mtoto wa mchungaji alipiga chafya katikati ya kifo cha mfalme, na chafya akaiacha palepale. Redio ilipoutangaza utenzi wote Jumapili, beti mia na arobaini na mbili, watu walicheza majikoni kwao.

Jumatatu asubuhi simu ikalia studio. Alikuwa Dánjal.

"Binti Heini, kazi nzuri sana. Ila mbona sauti ya Tummas iko juu kuliko yangu?"

Hajakaa sawa, ikalia tena. Alikuwa Tummas, naye ana swali lilelile.