Kilio cha Kahindo

Siku niliyomjua Kahindo, aliniuzia vitenge kwa nusu ya bei huku akiimba.

Ilikuwa soko la Koboko, mwezi wa tatu, miaka mitatu iliyopita. Nilikuwa nimetoka Arua kutafuta maharage. Nikasikia mwanamke anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya kufunika soko zima, na watu wamemzunguka. Nilidhani ni mahubiri. Kumbe anauza. Mtu akitaja bei, yeye anaishusha.

"Chukua, mama. Ongeza na hii. Mungu ameniambia nifungue duka mukubwa Kampala. Hii yote ya nini tena?"

Alikuwa Mkongo wa upande wa Butembo, mrefu, wa miaka thelathini na kitu. Macho yalikuwa mekundu kama ya mtu asiyelala siku nne, na viatu vyake havikufanana. Niliviona. Lakini muuzaji akijishushia bei mwenyewe, mnunuzi hamuulizi habari za afya. Nilichukua marobota matatu, nikaita bodaboda mbili, nikaondoka kabla hajamaliza ubeti.

Wiki sita baadaye mama yake alinifuata Arua. Mama Régine alikuwa mzee, miguu imevimba, na alikuwa ameliulizia jina langu duka kwa duka.

"Iko wewe Candiru?"

"Iko mimi."

"Mutoto yangu alikuwa mugonjwa siku ile. Rudisha vitenge, tutarudisha pesa yako yote."

"Vitenge iliisha, mama. Watu ya Arua iko navaa."

Marobota mawili yalikuwa yameisha kweli. La tatu lilikuwa ndani, nyuma ya mlango aliouegemea.

Hakunilaani. Aliomba maji, akakaa, akanieleza. Kahindo alikuwa amelala miezi miwili akitazama ukuta, haogi, hali chakula. Mtu wa duka la dawa akamuuzia vidonge vya kuinua moyo. Vikamwinua, wala havikujua pa kusimama. Ndipo ikawa ile siku ya nyimbo. Sasa hospitali imemweleza kwamba ni ugonjwa wa kupanda na kushuka, madaktari wanauita baipola, na vile vidonge peke yake havimfai mtu wa namna yake. Anachomwa sindano kila mwezi. Ametulia.

"Ametulia namna gani?"

"Ametulia kama nyumba watu wamehama," mama alisema. Kisha akanitazama kama mtu aliyeweka bei ya pili mfukoni tangu mwanzo. "Kama vitenge imeisha, basi patia yeye kazi."

Nilimpa kazi. Ilikuwa rahisi kuliko kufungua ule mlango.

Mwanzoni sikuona faida yake. Alikunja, alipanga, hakuiba, hakupiga soga. Uso wake ulikuwa umelala. Ukimpa habari njema, anasema sawa. Ukimgombeza, anasema sawa. Wateja walimkimbia. Nikaona nimejitwisha mzigo.

Halafu siku moja nikaumwa jino, nikamwomba asimame mbele yangu kwa Kambale. Kambale ana ghala la vitenge Ariwara, ng'ambo ya mpaka, na miaka kumi amenisoma usoni kama mtu anayesoma saa ya ukutani. Nikikipenda kitambaa, anajua kabla yangu. Siku hiyo alitaja bei. Kahindo akamtazama. Hakuwa na hila yoyote, alimtazama tu. Kambale akangoja, akashusha. Kahindo akaendelea kumtazama. Akashusha tena.

"Mama Candiru, huyu mutu yako, damu iko ndani kweli?"

"Uza, Kambale."

"Naogopa. Naona kama nauzia picha ya kitambulisho."

"Picha hailipi," Kahindo alisema. "Mimi nalipa."

Wapagazi walicheka mpaka wakaweka mizigo chini. Yeye hakucheka. Tulirudi Arua na vitenge kwa bei ambayo sikuwahi kuipata tangu nianze, mimi niliyeanza na beseni la nyanya kule Aroi. Kuanzia siku hiyo nilikwenda naye kila mahali. Maharage, samaki wakavu, sabuni. Krismasi ile ya kwanza niliuza kwa bei ya chini kuliko kila mtu mtaani na bado nikabaki na faida.

Tulikuwa tunakunja vitenge, mwaka wa pili, aliponiambia jambo lake. Alisema kwa sauti ya mtu anayeomba mkasi.

"Mama iko na moyo mubaya. Daktari alisema hatafika mbali. Mimi nataka kitu moja tu. Asikufe nikiwa hivi."

"Hivi vipi?"

"Jana alianguka. Nilimuinua, nikamupangusa damu. Ndani hakuna kitu ilisema. Najua ni mama. Najua namupenda. Ni kama kujua njia ya Butembo na huna miguu."

"Si ni heri kuliko kule kupanda?"

"Ni heri," alisema. "Lakini akikufa, nitamulilia na nini?"

Kila mwezi nilimsindikiza kliniki, kwa kuwa mama yake hakuweza tena kutembea. Aliyemhudumia aliitwa Adriko, kijana wa kwetu, mpole, ambaye watu wote tulimwita daktari. Kila mwezi Kahindo alimuuliza swali moja: dawa ingine iko? Na Adriko alijaribu. Alipunguza sindano, Kahindo akashuka, akalala siku kumi akitazama ukuta. Alimwongezea kidonge fulani, mikono ikatetemeka hata hakuweza kushika uzi. Akamwondolea kile kidonge, akamrudishia sindano kama ilivyokuwa. Uso ukalala tena. Mimi, nisiseme uongo, siku ile ulipolala tena nilipanga safari ya Ariwara.

Mwezi wa tisa, Kahindo akiwa kwenye foleni ya mizani, Adriko aliniita pembeni.

"Mama, kuna vidonge vingine nataka tujaribu. Vimesaidia wengi wanaoshuka kama yeye, na havilazi moyo sana. Lakini vinaanza kidogo kidogo, vinaongezwa kila wiki mbili. Kama wiki nane hivi ndiyo tuone. Akitoka vipele, aache siku hiyo hiyo aje. Na lazima mtu wa karibu aangalie usingizi wake, asije akapanda. Zungumzeni nyumbani, mje mniambie mnaanza lini."

Nilikuwa na marobota thelathini ya kununua kabla ya Krismasi. Nikamwambia, "Mwezi wa kwanza, daktari. Sasa hivi mimi niko barabarani kila siku, nani ataangalia usingizi?"

"Yeye mwenyewe anaonaje?"

"Nitamwambia."

Sikumwambia. Njiani aliniuliza daktari alitaka nini. Nikasema, mambo ya kadi ya kliniki. Akasema sawa.

Mama Régine alikufa wiki ya tatu ya mwezi wa kumi na moja. Nimehesabu mara nyingi kuliko ninavyohesabu mali: zile wiki nane zingekuwa zimepita.

Msiba ulikuwa Lobule, walikokuwa wamepanga nyumba. Katika hili Wakongo na sisi tunafanana. Mwanamke anayekuja msibani huanza kulia tangu barabarani, na mwenye msiba huinuka akamjibu. Wanawake wote wamekaa wakisikiliza jibu hilo. Mimi nilishuka kwenye bodaboda, nikafunga kitenge kiunoni, nikaanza. Niliingia uani nikilia jina la Régine. Kahindo aliinuka kwenye mkeka, akaja mpaka mbele yangu, uso ule ule aliompelekea Kambale.

"Karibu, Mama Candiru," alisema. "Kiti iko huku nyuma."

Kilio changu kilibaki mdomoni, sikujua nikipeleke wapi. Nikakaa kwenye kiti.

Nyuma yangu nilisikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake, "Uliona? Mama yake kabisa."

"Mutu anakataa kulilia mama yake, basi uliza kwanza alimupikia nini."

Mpaka jeneza linashuka, Lobule nzima ilikuwa imekwisha kuamua. Mwenye nyumba alimpa mwezi mmoja ahame.

Mwezi wa kwanza Kahindo alikwenda kliniki peke yake. Alirudi, akaweka mfuko wa dawa juu ya meza yangu.

"Daktari anasema aliambia wewe mwezi ya tisa."

"Aliniambia."

"Wewe hukuniambia."

"Ulikuwa msimu, Kahindo."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayekubali kipimo cha kitambaa. "Hasira iko," alisema. "Naona iko wapi. Haijafika tu. Ikifika, nitakuja."

Kesho yake alikuja kazini saa mbili kamili, kama kawaida. Heri angenitukana.

Usingizi wake niliuangalia mimi. Alihamia chumba cha nyuma ya duka. Adriko alikuwa akipunguza sindano taratibu na kuongeza vidonge. Wiki ya tano Kahindo akasema mboga haina chumvi. Miaka miwili alikuwa amekula chochote bila neno. Wiki ya saba alimfokea mteja aliyechafua kitambaa, kisha akasimama akiushangaa mkono wake uliokuwa bado juu. Vipele havikutoka, wala kupanda hakukuja.

Mwezi wa nne tulikwenda kwa Kambale. Alishusha mzigo mpya, na katikati mlikuwa na kitenge cha kijani chenye mapambo ya kanga, yaani yule ndege, sawasawa na kile Mama Régine alichovaa siku aliyokuja kwangu. Mdomo wa Kahindo ukatetemeka. Kambale ni mfanyabiashara, aliuona kabla yangu. Akapandisha bei ya kile kitenge hapo hapo.

Kahindo alilipa kwa pesa yake bila kuomba apunguziwe. Kisha akakaa juu ya robota, akalia. Alilia kilio cha miezi mitano, wapagazi wakatoka nje mmoja mmoja.

"Pole, dada," Kambale alisema. Bei hakuirudisha chini.

Siku ya pili yake, asubuhi, Kahindo alisimama mlangoni mwa duka langu wateja wakiwepo.

"Imefika," alisema.

Aliyasema yote. Vitenge vya kwanza, robota la nyuma ya mlango ambalo mama yake alilihisi kwa bega kupitia mlango akajua, ule uongo wa kadi, uso wake niliokuwa nikiuzungusha masokoni. Machozi yalikuwa yanamtoka, na kila mtu aliweza kumsoma. Nilimwacha amalize. Kisha nikauliza kile ninachojua kuuliza.

"Unataka nini?"

"Jumamosi utakuja Lobule, pale pale, mwenye nyumba amekubali. Utaanza kulia kutoka barabarani, kama siku ile. Mimi nitakujibu."

Nilijaribu kupunguza. Nikasema nitaleta mbuzi na mchele wa kutosha, tule, watu waone kwamba marehemu amekumbukwa.

"Mbuzi leta," alisema. "Na kilio leta."

Nililia. Kulia kwa msiba najua, kama mwanamke yeyote wa Aroi. Kilio cha namna hiyo hakihitaji moyo mwingi. Wanawake wale wale walikuwa wamekaa pale, walikuja kwa ajili ya nyama. Nilipofika uani Kahindo aliinuka akiwa amejifunga kile kitenge cha kijani, na akanijibu. Alimwita mama yake kwa lugha yao, jina ambalo sikuwahi kulisikia, na sauti ile ya soko la Koboko ilirudi yote, ila safari hii haikuwa na wimbo. Wanawake waliinuka wakamshika. Yule aliyeuliza alimpikia nini alikuwa wa kwanza, naye analia.

Mimi nilibaki nimesimama. Nilitazama nyuma, pale kiti kilipokuwa siku ile. Hakuna aliyeniletea. Mbuzi wangu nilimla nikiwa wima.

Kahindo sasa anauza vitenge vichache Midia, karibu na Koboko, kwa jina lake. Hajapona. Mwezi wa nane alishuka tena, wiki mbili, na vidonge vikikosekana Koboko huja kuvitafuta Arua na kupita upande wa pili wa barabara yangu. Lakini wanaomjua wanasema anacheka, na akigombania bei anapiga kelele, na mara nyingi anashindwa.

Lile robota la tatu nililiuza zamani, kwa bei nzuri. Kwa Kambale nakwenda mwenyewe. Ananitazama usoni, anataja bei, na haishuki.