Pini za Shela ya Malkia

Wivu wa Guillemette naujua vizuri, maana nilifua naye miaka mingi chini kule kasrini. Kola za Malkia alizitia wanga yeye, akazipiga pasi yeye, akamvalisha yeye. Tena alituringia: "Nyie hangaikeni na mashuka. Mie na shingo ya Malkia tunaelewana."

Basi mfalme akafa. Mwanawe bado mdogo, mama ikabidi amshikie nchi, naye akavaa shela nyeupe ya ujane. Kwetu shela ile haibanwi na mwanamke mwenye mume, ni nuksi. Akaitwa Thomasse, mfuaji mwenzetu, mjane wa mchinjaji, akakabidhiwa pini.

Weee! Guillemette alikonda kwa wivu. Kila Thomasse akishuka ngazi, yeye ananinong'oneza.

"Kamchoma sikio leo?"

"Hajamchoma."

"Atamchoma tu. Mtu wa kufunga matumbo ya nguruwe yule!"

Thomasse naye si wa kunyamaza. "Shoga, roho isikutoke. Ukizitaka pini, zika mume kwanza."

Neno lile lilimkaa. Mumewe, Mathurin, alikuwa safarini na nyumbu wake wa kubebea chumvi, na huko kusini tauni ilikuwa inafyeka watu. Baridi ikaisha hajarudi. Asubuhi moja Guillemette akaja amevaa nyeusi, macho makavu.

"Tauni imemchukua Mathurin. Nimeletewa habari."

"Na nani?"

"Hebu niache, nimefiwa!"

Siku ileile akapandishwa juu. Thomasse akarudishwa kwenye mashuka, kanuna, na mwenzangu akapita mbele yake polepole, makusudi kabisa.

Karibu na Pasaka nilikuwa nimepeleka taulo chumbani kwa Malkia. Guillemette ana pini mdomoni, anaibana shela. Mlango ukafunguliwa, Thomasse huyo, kamshika mkono mwanamume mwenye tope hadi magotini. Mathurin!

"Malkia wangu," Thomasse akasema, "nimekuletea marehemu wa huyu."

Pini zote zikamwagika. Mathurin, maskini, hakuelewa lolote. "Mke wangu, mbona nyeusi? Nani kafa?"

Malkia akageuka, shela inaning'inia upande mmoja, akamtazama Mathurin kuanzia buti mpaka ndevu. Sura ya wivu naijua, nimeishi nayo. Ndiyo niliyoiona usoni mwa Malkia.

"Unakoroma?" akamwuliza.

"Sana, Malkia wangu. Nisamehe."

Malkia akasema bila kumtazama Guillemette, "Toka, usirudi tena mbele yangu. Mtu ana mume wa kumkoromea, anakuja kunichezea ujane!"

Thomasse akainama haraka kuokota pini.

"Ziache," Malkia akasema. "Leo nabana mwenyewe."

Guillemette na mumewe wakashuka ngazi, Mathurin bado anauliza nani kafa. Malkia alisimama mlangoni akimsikiliza mpaka sauti yake ilipopotea uani.